Shajara ya mradi: kuondoa matope kwenye uwanja wa kuku, Mkonze, Dodoma

Aprili, mvua za msimu zikikatika

Uwanja una mita 6 kwa 8, umezungushiwa wavu, na unabeba kuku chotara 40 waliokomaa. Banda la mita 3 kwa 6 limekaa upande wa juu wa mteremko. Paa lake limeendelezwa mita 2 mbele na kufanya kipenu juu ya sehemu ya uwanja. Kwa sasa sehemu ya wazi ni tope jeusi la kuzamisha kifundo cha mguu, lenye harufu ya mayai viza. Chini ya kipenu pamelowa nusu, na langoni pamekuwa dimbwi.

Kabla ya kuulizana tumwage nini, tumehesabu maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo hesabu haina ugumu. Chukua mvua moja ya milimita 30, ambayo kwa Dodoma ya Januari si ya kushangaza. Sehemu ya wazi pamoja na lango, mita 36 za mraba, inapokea lita 1,080. Paa lote, mita 30 za mraba, linamwaga lita 900 uwanjani, kwa kuwa bati limelazwa kuelekea huko na halina gata. Ua ulio juu ya banda una mita 150 za mraba za udongo ulioshindiliwa na miguu. Hata ukitiririsha nusu tu ya unachopokea, unateremsha lita 2,250. Jumla ni lita 4,230, na robo yake tu ndiyo iliyonyesha juu ya uwanja wenyewe. Mengine yote yameletwa.

Hivyo mpangilio wa kazi ni maji kwanza, kisha tope, na kifuniko mwisho. Ukianza na kifuniko utakinunua tena msimu ujao, kwa sababu hakuna maranda wala mchanga unaoweza kumeza maji ya ua mzima.

Mei, udongo na kukwangua

Vipimo viwili, vyote vya bure. Cha kwanza ni chupa ya lita 1: theluthi moja udongo uliochimbwa chini ya tope, maji hadi karibu kujaa, sabuni ya unga kidogo, tikisa sana, weka mahali isipoguswa. Mchanga unatua ndani ya dakika chache, chembe laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima. Hapa tabaka la mchanga limechukua zaidi ya nusu ya udongo wote.

Cha pili ni shimo la sentimita 30. Lijaze maji yaishe, lijaze tena, ndipo upime. Maji yakishuka zaidi ya sentimita 2.5 kwa saa, udongo unakunywa vizuri. Yakishuka chini ya sentimita 1, huo unafanya kazi kama mfinyanzi hata ukiwa mwekundu. Hapa yameshuka karibu sentimita 4.

Maana yake udongo wa chini hauna kosa. Kilichoziba ni ngozi ya juu: kinyesi kilichosagwa na miguu kikachanganyika na udongo laini kinajaza vitundu vyote ambavyo maji yangepitia. Kuku mkubwa anatoa kinyesi cha gramu 100 hadi 120 kwa siku, na robo tatu yake ni maji. Kuku 40 ni kilo 4 na ushee kila siku. Hata kama nusu inabaki bandani, mzigo wa uwanja si mdogo.

Wenye udongo mweusi wa mbuga wasifuate shajara hii neno kwa neno. Ule unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na shimo lake linaweza kushinda na maji kutwa nzima. Huko inabidi uwanja uinuliwe kwa moramu iliyoshindiliwa, sentimita 15 hadi 20, yenye mteremko, ndipo kifuniko kije juu.

Tumekwangua sentimita 7 za juu kwenye mita 36 za mraba, kama mita 2.5 za ujazo, karibu toroli 40 za lita 60. Kazi hii ifanyike tope likiwa limekauka nusu, linapokatika kama keki chini ya beleshi. Likiwa bichi linarudi lilikotoka, likikauka kabisa linataka sururu na linatimua vumbi la kinyesi, na hapo barakoa si hiari. Rundo limechanganywa na mabua ya mtama na kuachwa lioze. Lisiende kwenye mchicha kabla ya miezi mitatu.

Kuna wanaomwaga maranda mapya juu ya tope la zamani ili kuokoa nguvu kazi. Tope linabaki chini bila hewa, linaoza kwa harufu, na kuku wakichakura wanalipandisha juu. Ndani ya wiki chache maranda na tope ni kitu kimoja.

Juni, kazi ya maji

Hapa ndipo nguvu nyingi imekwenda, na ndipo inapostahili.

Juu ya banda umechimbwa mtaro wa mita 9, upana sentimita 40, kina sentimita 30. Udongo wake umewekwa upande wa chini, yaani upande wa banda, kuwa kingamaji ya kimo cha sentimita 30 na kitako cha sentimita 60. Mtaro wa ukubwa huo unatoa kama mita 1 ya ujazo ya udongo, na kingamaji inahitaji 0.8 hivi, kwa hiyo hakuna cha kununua. Kingamaji ishindiliwe kwa tabaka za sentimita 10 zilizonyunyiziwa maji. Ikirundikwa kavu kwa mara moja, mvua kubwa ya kwanza itaitoboa.

Mteremko wa mtaro ni sentimita 1 kwa kila mita 1. Umepimwa kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule mafundi wanaotumia kusawazisha msingi. Ukizidisha mteremko kwenye udongo huu wa kichanga, mtaro utajichimba wenyewe kuwa korongo. Ukiupunguza, maji yatatuama, mbu watazaliana, na mbu ndio wanaosambaza ndui ya kuku. Mdomo wa mtaro unaishia kwenye mashimo ya nusu mwezi ya miembe na mipapai. Usielekezwe kwa jirani, maana kesi ya maji haiishi.

Gata la mita 6 limefungwa kwenye ukingo wa paa na kushuka kwa paipu ya inchi 3 hadi kwenye mapipa mawili ya lita 200. Mvua ya milimita 30 inaleta lita 900, kwa hiyo mapipa yatafurika. Mfuriko umepewa njia yake ya paipu iliyofukiwa hadi nje ya wavu. Gata bila njia ya mfuriko linahamisha dimbwi tu, kutoka chini ya paa kwenda chini ya pipa.

Uwanja wenyewe umesawazishwa kwa reki ukiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuanzia kipenu kwenda chini. Kwa urefu wa mita 8 hiyo ni tofauti ya sentimita 16. Jicho halioni sana ila maji yanaijua.

Maji ya kunywa nayo yamehesabiwa. Kuku 40 wanakunywa lita 8 hadi 10 kwa siku ya kawaida, na zaidi sana kwenye joto la Oktoba. Chombo cha wazi kilichowekwa chini kinamwagwa na kuchafuliwa kutwa. Kimeondolewa, na badala yake zimewekwa ndoo mbili za lita 20 zenye nipo (chuchu za kunywea), kila nipo kwa kuku 8 hadi 10, zikining'inia kwa urefu ambao kuku ananyoosha shingo juu kidogo kunywa. Chini ya kila ndoo kuna shimo la sentimita 50 kwa 50, kina 25, lililojazwa kokoto.

Julai, kuchagua kifuniko

Dodoma ina uchaguzi mgumu kuliko mikoa ya mvua nyingi. Mvua zinakuja kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi inayobaki ni ukavu na upepo. Kifuniko kinachofaa kwa tope Januari kinaweza kuwa vumbi la kuumiza mapafu Septemba. Kila kitu kimepimwa kwa pande zote mbili.

Maranda ya mbao yanapatikana kwa mafundi seremala wengi mjini. Ni mazuri sana chini ya paa, kwani yananyonya, yanakauka na kuku wanayageuza. Nje kwenye mvua yanashikana na kuwa mkeka. Sharti moja halina mjadala: yasitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa. Mbao nyingi za kuezekea zimetiwa dawa ya rangi ya kijani yenye shaba, kromu na aseniki, na maranda yake yanabaki na ukijani huohuo. Mwone fundi anaranda nini kabla hujafungua gunia. Vumbi laini la msumeno tumelikataa moja kwa moja. Linapeperuka kiangazi, linakuwa uji masika, na vifaranga wanalila.

Pumba ngumu za mpunga hazinyonyi maji vya kutosha, ni nyepesi, na mvua ya kwanza inazibeba zikielea hadi kwenye wavu wa chini. Isitoshe, mpunga mwingi unakobolewa mbali na hapa.

Maganda ya karanga ni mali ya kweli ya kanda hii. Yanakaa wazi, yanapitisha hewa, hayapeperuki kirahisi. Tatizo ni ukungu. Kuku anachagua punje mbovu zilizobaki ndani ya maganda, na hizo ndizo zenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia nafaka, kwa hiyo hapa haichukuliwi kama hadithi. Chukua maganda makavu ya msimu huu tu, yasiyo na doa la kijani wala harufu ya uvundo, na uyatumie chini ya paa pekee.

Nyasi ndefu na majani ya mahindi yanalala kama jamvi, chini yake pakibaki pamelowa. Kuku wakimeza nyuzi ndefu, gole, yaani mfuko wa chakula shingoni, linaziba. Magunzi ya mahindi yakipondwa yananyonya sana, lakini yakilowa yanaota ukungu upesi. Yanafaa kiangazi tu.

Mchanga wa mtoni una wafuasi wengi, na kwa haki. Haubadiliki kuwa tope, na kinyesi kinakauka juu yake kikaokotwa kwa reki. Ila uwe mchanga wa zege, wenye chembe kubwa. Tikisa konzi moja ndani ya chupa ya maji: yakibaki ya rangi ya chai nzito, una udongo mwingi na utaziba. Mchanga laini wa lipu haufai hata kidogo. Ubaya wa mchanga wa zege ni joto la mchana na uzito. Sehemu ya wazi bila lango, mita 32 za mraba, kwa kina cha sentimita 15 ni karibu mita 5 za ujazo, yaani tani 7 hadi 8. Nao hauozeshi kinyesi, kwa hiyo asiyeokota kila siku atakuwa na tope lenye mchanga.

Kupanda ukoka kwa kuku 40 kwenye mita 48 ni kuwapa saladi ya wiki moja. Kila kuku ana mita 1.2 za mraba, na majani hayastahimili hapo bila kuwahamisha kwa zamu. Sakafu ya zege nayo inaumiza nyayo, na bado ingetaka kifuniko juu yake.

Kilichochaguliwa kwa sehemu ya wazi ni matawi ya mizabibu yaliyokatwakatwa. Zabibu za Dodoma zinavunwa mara mbili kwa mwaka na mizabibu inapogolewa kwa mizunguko hiyo, hivyo Mpunguzi, Hombolo na Makutupora hazikosi marundo ya matawi pembeni ya mashamba, mengi yakingoja moto. Vipande vya mti vya sentimita 3 hadi 5 vinaacha nafasi za maji kupita chini, ni vizito vya kutosha kwa upepo, na vinaoza polepole huku vikimeza naitrojeni ya kinyesi. Kwa kazi hii havina mshindani hapa.

Septemba, kuandaa matawi

Mita 32 za mraba kwa kina cha sentimita 15 ni mita 4.8 za ujazo, sawa na magunia 35 hivi ya ukubwa wa kilo 100 za mahindi. Kirikuu, gari dogo la mizigo, inabeba kwa awamu, kwa kuwa mzigo ni mwepesi lakini mpana.

Muulize mwenye shamba dawa ya mwisho ilipigwa lini na ni ipi. Mizabibu inapigwa salfa na dawa za shaba dhidi ya ukungu, na wakati mwingine za wadudu. Tumechukua matawi ya rundo la zamani lililokaa juani, si yaliyopogolewa juzi. Tawi bichi pia lina ukaidi wake: ndilo mbegu ya mzabibu, na vipande virefu vikifukiwa kwenye unyevu vinachipua.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni waya. Mizabibu inabebwa na waya, na vipande vyake vya kufungia vinabaki kwenye matawi, vifupi kama sindano na vyenye kutu ya rangi ileile ya gome. Kuku anaviokota na vinatoboa firigisi. Matawi yametandazwa kwenye turubai kwa unene wa vidole vinne, kisha sumaku ya spika mbovu, iliyofungwa kwenye mti wa fagio, imepitishwa juu yake taratibu, mara mbili kwa pande tofauti. Kamba za plastiki hazishikwi na sumaku, hizo ni za macho.

Ukataji ni panga na gogo, konzi moja kwa mara moja. Ukiacha vipande vya urefu wa kiganja na zaidi, vinajipanga vikalala, kuku hawawezi kuvichakura na maji yanakaa chini yake. Na msichanganye na matawi ya migunga au kichaka chochote chenye miiba. Mwiba kwenye wayo unaleta uvimbe wenye usaha ambao unachukua muda mrefu kupona.

Oktoba, kutandaza

Langoni, mita 2 kwa 2: limechimbwa sentimita 20, yakatandikwa magunia ya sandarusi, yakafuata kokoto za robo tatu ya inchi, kina sentimita 15 (mita 0.6 za ujazo) na changarawe ya mviringo sentimita 5. Magunia yanazuia kokoto kuzama kwenye udongo. Yasitumike mahali pengine popote uwanjani. Kuku wakiyafikia, nyuzi zinafumuka na kujizungusha kwenye vidole, kidole kinavimba na kufa.

Chini ya kipenu, mita 12 za mraba: maranda theluthi mbili na maganda ya karanga theluthi moja, kina sentimita 10, magunia 9 hadi 10. Pembeni kumeachwa boksi la mita 1 kwa 1 la udongo mkavu na majivu yaliyochekechwa, la kuogea vumbi. Majivu yabaki humo. Yakilowa yanakuwa magadi ya kuchoma ngozi.

Sehemu ya wazi: matawi, sentimita 15. Upande wa chini wa uwanja, ndani ya wavu, umepangwa mstari wa mawe bila saruji, kimo cha sentimita 20. Maji yanapita katikati ya mawe, vipande vinabaki. Ubao uliozibwa vizuri mahali hapo ungejenga bwawa.

Mchwa wamefika, kama ilivyotarajiwa. Uwanjani hawana madhara na kuku wanawafurahia. Kwenye nguzo ni habari nyingine, kwa hiyo kifuniko kimeachwa sentimita 15 mbali na kila nguzo, na nguzo zimepakwa oili chafu upande wa nje ya wavu tu. Dawa ya mchwa haiingii hapa kwa hali yoyote.

Vumbi likizidi saa za upepo, nyunyiza lita 10 za maji chini ya kipenu jioni, kwa kopo lenye matundu. Sehemu ya wazi haihitaji.

Desemba, mvua kubwa ya kwanza

Mtaro umepokea maji ya ua bila kuvuka kingamaji. Sehemu ya wazi imelowa juu, lakini ukifukua sentimita 10 vipande vimesimama kwenye unyevu tu. Saa chache baada ya mvua kuku wametembea bila kubeba tope miguuni.

Kasoro ni mbili. Upepo umesukuma mvua mita 1 ndani ya kipenu, na ukanda huo wa maranda umeanza kushikana. Limeongezwa pazia la turubai la sentimita 80 kutoka ukingo wa paa, na maranda ya ukanda huo yamebadilishwa na vipande vya mizabibu. Ya pili ni mdomo wa mtaro, ambako maji yamechimba shimo. Yamepangwa mawe ya ukubwa wa kichwa, yakianza ndani ya mtaro na si mwishoni.

Februari, uangalizi

Kila wiki chukua konzi ya kifuniko cha chini ya kipenu na ukamue. Kikibaki bonge, kina maji mengi. Kikishikana kidogo kisha kupasuka ukifungua mkono, ni sawasawa. Kisiposhikana kabisa, ni kikavu na kitatoa vumbi. Inama hadi usawa wa kichwa cha kuku, uvute hewa. Ukihisi ukali wa amonia puani, kuku wameishi nao siku nzima wewe ukiwa umesimama juu.

Harufu ikija, ongeza kitu kikavu cha mti na ugeuze. Chokaa isimwagwe. Inapandisha alikali, na alikali ndiyo inayoifukuza amonia kutoka kwenye kinyesi ikawa hewa, hivyo harufu inazidi badala ya kupungua.

Kugeuza si lazima iwe kazi ya beleshi. Konzi mbili za mtama zilizotupwa mahali palipoanza kushikana zinawapa kuku 40 sababu ya kuchimba hapo asubuhi nzima.

Vifaranga wasiingizwe uwanja huu wakati wa mvua. Mayai ya koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, yanahitaji unyevu, joto na hewa, na kwa hali ya Februari yanakomaa ndani ya siku moja au mbili. Kinyesi chenye damu, manyoya yaliyosimama na kuku kujikunyata ni dalili za kuitwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Magunia na toroli zilizotoka kwenye mabanda mengine hazipiti lango, kwa hofu ya ugonjwa wa kideri.

Machi

Sentimita 15 zimeshuka hadi 9 au 10, kwa kuoza na kushindiliwa. Nyongeza ya sentimita 5 kwenye mita 32 ni mita 1.6 za ujazo, magunia 12, na imeshaagizwa Mpunguzi. Isicheleweshwe hadi udongo uanze kuonekana, maana hapo kuku watachimba mashimo, na kila shimo ni dimbwi la mvua inayofuata.

Mei, uwanja ukikauka, tabaka la chini litachekechwa kwa wavu wa nusu inchi. Vipande vizima vitarudi uwanjani. Laini iliyopita kwenye wavu itaungana na rundo la mwaka jana kwa ajili ya mipapai. Langoni changarawe imezama kidogo upande wa kulia, inataka toroli moja.